Majani Yasiyotaka Maji

Maji yalirudi siku ya kumi na tisa baada ya kumzika mke wangu. Nilikuwa jikoni nimesimama, maana siku hizi sikai, nikasikia bomba linakohoa. Likakohoa tena, likatema kutu, likatema hewa, halafu likamwaga maji meupe kana kwamba hakuna lililotokea. Miaka sita bomba lile lilikuwa pambo tu ukutani. Mke wangu alikuwa analitundikia kitambaa cha kufutia vyombo. Sasa yeye yuko chini ya udongo, ndipo wakubwa wa ofisi ya maji wakakumbuka kwamba juu ya kilima chetu wanaishi watu.

Mimi sikusoma sana. Darasa la nne nilitoka, baadaye nikawa tarishi. Miaka thelathini na minane nilibeba mafaili na barua kutoka ofisi hii kwenda ile, mpaka wakanibatiza jina la Miguu. Kwa hiyo wakubwa nawajua. Nimewaona wakiwa wamevua viatu chini ya meza, nimewaona wamelala. Barua ya mnyonge ikifika inawekwa chini ya faili, juu ya faili linawekwa gazeti, juu ya gazeti kikombe cha chai. Wanasema ukubwa ni jalala, kila taka hutupwa hapo. Uongo mtupu. Taka tunatupiwa sisi.

Daktari alisema ni moyo. Mimi nasema ni ndoo. Ndoo mbili asubuhi na mbili jioni, kutoka bomba la bondeni hadi kwetu juu, ngazi mia moja na nne. Mtu ataniuliza, na wewe mume ulikuwa wapi? Nilikuwa nabeba barua za watu. Na nilipostaafu magoti yakawa yamekwisha, yeye akasema kaa, nitakwenda mwenyewe, nami nikakaa. Basi, nimeshasema.

Kwa sababu ya ukame huo uliotengenezwa na watu, bustani yake ya mboga ilikufa mwaka wa kwanza. Nyuma ya jiko letu kuna mteremko wa udongo na mawe, na mvua ikinyesha udongo ulikuwa unaporomoka mpaka mlangoni. Siku moja akarudi na kopo lililojaa vijitawi vya ajabu. Vijani vidogo, vinene, kama punje za choroko zilizopangwa kwenye uzi, ukivunja kimoja kinatoa maji. Jina lake la kitabuni silijui. Alivitandaza juu ya changarawe, akavikandamiza kwa kiganja, akaenda zake. Hakuvifukia wala hakuvimwagilia. Nikamcheka.

"Hicho ni kilimo gani, mama? Umetupa taka tu."

"Subiri," akasema. "Wewe kila kitu unataka kifike leo, kama barua."

Mwaka haukuisha, mteremko ukafunikwa. Majani yalitambaa juu ya mawe, yakashuka, yakazunguka kona ya jiko. Jua kali likija yalibadilika rangi pembeni, yakawa mekundu kama mtu aliyeona haya. Mara moja kwa mwaka yalitoa maua madogo ya njano, nyuki wakaja. Udongo haukuporomoka tena. Na kazi yote aliyoyafanyia ni kung'oa magugu mara mojamoja na kupunguza yaliyovuka njia. Tone la maji ya ndoo hakuyapa. Alikuwa anasema, "Haya ndiyo peke yake katika nyumba hii yasiyoniomba kitu."

Wiki yake ya mwisho hospitali aliniambia mambo mawili. La kwanza ni langu na yeye. La pili alisema, "Yale majani usiyahangaikie. Yaache tu, hata ukiyasahau yanaishi." Nikamwambia sawa. Ni jambo dogo kiasi gani, kuombwa usifanye kitu? Wengine wanaachiwa watoto wadogo, wengine kesi za mashamba. Mimi niliombwa nikae mbali na mteremko.

Sasa maji yakarudi. Nilisimama pale jikoni nimekasirika. Nikajiambia, haya ni maji yake. Amekwenda kwa ajili ya haya, basi na yamfikie. Nikanunua mpira, nikauchomeka bombani, nikayamwagilia majani yake mpaka maji yakatiririka njiani. Jioni nikayamwagilia tena. Kesho yake asubuhi, mchana, jioni. Nilikuwa siwezi kulala wala kusoma gazeti, nikikaa kwenye kiti mguu unacheza wenyewe, lakini nikishika ule mpira mwili unatulia kidogo. Nikaongeza na samadi, ndoo nne, nikaisambaza kwa mikono. Kwa nini mimea ya mke wangu iishi maisha ya njaa kama yetu?

Mwanzoni yalinenepa. Nilifurahi, nikasema unaona? Wiki ya tatu yakawa yanang'aa kama kitunguu kilichochemshwa, unaona mwanga ndani yake. Wiki ya nne yakalegea, yakalala. Mtu yeyote akiona mmea umelegea atasema una kiu. Nikayaongezea maji. Wiki ya tano nikashika kijitawi kimoja, kikabaki mkononi, chini yake cheusi, kinanuka kama maji ya ua lililosahaulika kwenye chupa. Nikashika kingine. Hivyo hivyo. Nikatembea mteremko mzima nimeinama, huku na huku, naomba nikute hata shibiri moja iliyo hai. Sikukuta.

Simu ikalia nikiwa bado nimepiga magoti. Alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mshonaji, mwanamke anayeweza kukutukana na kukulisha kwa wakati mmoja.

"Shemeji Miguu, unaishi?"

"Naishi."

"Nasikia mnaoga siku hizi kule juu. Sikiliza, Jumamosi ijayo nakuja. Nataka vipande vya majani ya dada. Aliniahidi toka mwaka juzi, nataka niyapande kwenye kibaraza changu. Yanaendeleaje?"

Nikaangalia ule weusi. Mikono yangu ilikuwa inanuka.

"Yamestawi," nikasema.

"Nilijua. Hayo hata mjinga hawezi kuyaua."

Nililala macho wazi, na asubuhi nikawa nimeshapata mwenye kosa. Ni dawa. Si wanatia dawa kwenye maji? Wametia kupita kiasi, wameniulia mke kwa kutunyima maji, sasa wameua majani yake kwa kutupatia. Nikajaza yale yaliyooza kwenye mfuko wa plastiki, nikateremka ngazi zote mia moja na nne hadi ofisi ya maji.

Karani wa malalamiko alikuwa binti mwenye miwani, ana kalamu nyuma ya sikio. Watu sita nyuma yangu.

"Shikamoo mzee. Malalamiko yako ni maji hakuna?"

"Maji yapo."

"Yanatoka kidogo?"

"Yanatoka sana."

"Sasa unalalamikia nini?"

"Hayo hayo. Kwamba yapo."

Watu nyuma wakacheka. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani, mpaka leo sijui alikuja na ndoo ofisini kufanya nini, akasema, "Jamani, mpeni mzee wetu kiu yake arudi nayo nyumbani." Wakacheka zaidi. Nikaumwaga mfuko juu ya meza. Binti akarudi nyuma na kiti chake, akafunika pua.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni mke wangu," nikasema. Nilitaka kusema ni ya mke wangu, lakini ndivyo ilivyotoka. Kicheko kikakatika.

Yule binti hakunifukuza. Aliyarudisha mle mfukoni kwa karatasi, akafuta meza, akasema taratibu, "Kaa pale kwenye benchi. Mkubwa akirudi kutoka kwenye mkutano utaonana naye."

Mkubwa akirudi kutoka kwenye mkutano. Maneno hayo nimeyasikia miaka thelathini na minane. Nikakaa. Nikasimama, nikakaa tena, nikasoma tangazo la ukutani, nikalisoma mara ya pili. Kisha miguu ikanitoa nje.

Nje, upande wa tangi kubwa, kuna ukingo wa mawe juu ya mahali wanapoegesha magari yao. Nikageuka nikauona. Ulikuwa umefunikwa wote. Vijani vinene kama punje za choroko, kijani katikati na wekundu pembeni, vinaning'inia juu ya mawe kama zulia lililoanikwa. Hata yale maua madogo ya njano yalikuwepo.

Mlinzi alikuwa amekaa kivulini kwenye kiti cha plastiki, mtu wa rika langu, koti la sare limembana tumboni.

"Haya nani kayaleta?" nikamuuliza.

"Salamu kwanza, mzee mwenzangu. Nchi haiungui."

"Habari za kazi. Haya nani kayaleta?"

"Nzuri. Haya ni ya Mama Jumatatu."

"Mama Jumatatu ndiye nani?"

"Alikuwa anatoka huko kilimani. Kila Jumatatu ya mwanzo wa mwezi alikuja kulalamika. Mkubwa hayupo, mkubwa yuko mkutanoni, mkubwa kapata udhuru. Sasa mama yule hakuwa wa kukaa bure. Siku moja akaja na kopo, akavitandaza hapo juu. Akaniambia, mimi nikimsubiri huyu mkubwa wenu bora kitu kimoja kiote." Akacheka, tumbo likatikisika. "Miezi kadhaa sijamwona. Nadhani maji yamefika kwao, hana shida tena na sisi."

Sikujua kama alikuwa anakuja. Aliniambia Jumatatu anakwenda sokoni.

Sitaeleza vizuri kilichonipata. Ilikuwa hasira, lakini sikujua ya nani. Hawa ndio waliompandisha ngazi na ndoo, na yeye akawapambia ukuta wa magari yao! Nikauparamia ule ukingo, nikakamata fungu kwa mikono miwili nikang'oa. Nikakamata lingine. Udongo ukaniingia machoni.

Mlinzi wala hakunyanyuka. "Ng'oa, ng'oa," akasema. "Hivyo ndivyo alivyokuwa anafanya Mama Jumatatu mwenyewe. Ukiyakata ndiyo unayazidisha. Hicho kijani kimoja kilichoanguka hapo kwenye lami, nikikisukuma kwa kiatu mpaka kwenye mchanga, kitaota."

Nikasimama pale juu na majani yangu mkononi, mjinga mtupu.

"Wewe ni nani wake?" akaniuliza, safari hii kwa sauti nyingine.

"Mume."

Akavua kofia. Alinyanyuka, akanisaidia kushuka, akanikalisha kwenye kiti chake.

"Na hayo ya mfukoni?"

"Yake. Ya nyumbani. Dawa ya maji yenu imeyaua."

Akafungua, akanusa, akafunga. "Ulikuwa unayanywesha?"

"Mara tatu kwa siku."

"Mzee mwenzangu," akasema, "mimi niko hapa chini ya tangi la maji ya mji mzima, na sijawahi kuyapa hata kikombe. Hayo yanabeba maji yake tumboni kama ngamia. Ukiyapa tena, unayazamisha. Samadi je?"

"Ndoo nne."

"Yarabi." Akashika kichwa. "Hayo ni maskini wa zamani, bwana. Ukimpa karamu ghafla, anakufa kwa kuvimbiwa."

Ningemjibu vibaya, lakini nilikuwa nimeshajua tangu alipouliza. Pengine nilijua tangu wiki ya tatu. Mtu unajua kitu na unakizungukazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Hakuna mkubwa aliyeushika ule mpira.

Akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Vipande hivyo nivitandaze kivulini siku tatu mpaka kidonda cha mahali vilipokatika kikauke, maana kikiingia udongoni kibichi kinaoza. Niondoe ile samadi yote pamoja na udongo uliooza, niweke changarawe na mchanga. Nivilaze juu, nivikandamize, nisivifukie. Halafu nivipe mgongo. Wiki nzima bila maji. Mizizi inatoka kwa kutafuta, kama hakuna cha kutafuta haitoki.

"Siku ngapi hadi ishike?"

"Ukihesabu, haishiki," akasema.

Gari likaingia. Mlinzi akakimbia kufungua lango, kofia inamwangukia. Akashuka mtu mrefu, kijana kuliko nilivyomfikiria, macho yamechoka, makaratasi kwapani. Huyu ndiye. Hotuba yangu nilikuwa nayo tayari, nimeipanga kitandani miezi yote hiyo, ina ndoo ndani yake, ina ngazi, ina jeneza.

"Shikamoo mzee. Umehudumiwa?"

Nikafungua mdomo. Mikononi nilikuwa nimeshika majani ya ukuta wake, na niliyahitaji. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wangu huo haukuwa mtupu, ulikuwa umeshaiba.

"Naomba haya majani," nikasema.

Akayatazama kama anayaona kwa mara ya kwanza. "Hayo? Chukua tu, mzee. Hayana mwenyewe, yamejiotea."

"Hayakujiotea!" Nilisema kwa sauti iliyomshtua mlinzi langoni. "Yana mwenyewe. Alikuja hapa kila mwezi, akakaa kwenye benchi lako, hukuwahi kutoka. Ndoo zako ndizo zilizomuua."

Simu yake ilikuwa inaita. Aliiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Pole, mzee," akaingia ndani huku anaipokea. Pole! Pole ya mtu mwenye simu sikioni. Hata leo sijamsamehe, na simsamehe. Lakini nilirudi na majani.

Siku tatu yalikaa kwenye sinia juu ya kabati. Siku tatu hizo nilikuwa nje na koleo, natoa samadi yangu na uozo wangu, nachukua changarawe kule barabara ilikochimbuka. Magoti yalilia. Ilikuwa afadhali kuliko kukaa.

Jumamosi shemeji akafika akihema, mfuko begani, kanga ya kichwani imeloa jasho. Hakukaa hata kwenye kiti. "Maji utanipa baadaye, nionyeshe kwanza majani ya dada." Akazunguka jiko. Akaona mteremko uko mtupu, umechimbuliwa kama kichwa kilichonyolewa na kipofu. Akaniangalia.

"Ulisema yamestawi."

"Nilisema."

"Yako wapi?"

"Nimeyaua."

Nikamweleza yote. Mpira, samadi, ofisi, Mama Jumatatu. Nilipofika pale kwa mlinzi akaketi juu ya jiwe akalia, halafu katikati ya kulia akacheka.

"Sokoni! Na mimi aliniambia Jumatatu anakwenda kwa mshonaji. Nikamwuliza, mshonaji gani dada, na mimi ni nani?"

Nikamletea sinia. Vipande ishirini na tatu, vimesinyaa kidogo, mahali vilipokatika pamekauka pakawa peupe. Akaliweka mapajani.

"Nipe vyote, shemeji."

"Hapana."

"Utaviua tena. Wewe huwezi kukaa. Dada alisema kuolewa na wewe ni kama kuolewa na upepo. Nipe, vikishika kwangu nitakuletea kopo."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonikereketa. Vikikaa kwake vitapona. Vikikaa kwangu, nani ajuaye? Nikashika ukingo wa sinia, yeye akashika upande wa pili.

"Aliniomba mimi," nikasema. "Hakukuomba wewe. Jambo moja tu aliniomba, nami sijalifanya bado. Ukivichukua vyote nitalifanyia wapi?"

Akaachia sinia. Alifuta uso kwa ncha ya kanga, akahesabu kwa kidole, akachukua kumi na nane. Vitano akaniachia. Tukavilaza pamoja, juu kabisa, karibu na jiwe kubwa. Akavikandamiza kwa kiganja, kiganja cha dada yake kabisa, nikageuka nikaangalia kwingine.

"Sasa vipe mgongo," akasema.

Siku ya kwanza nilikwenda kuvitazama mara tisa. Ya pili, mara saba. Vilikuwa vinasinyaa, vinakunjamana kama vidole vya mtu aliyefua, na kila kitu mwilini mwangu kilisema vina kiu, vipe, vipe hata tone, nani atajua. Siku ya tatu nilisimama nimeshika kikombe cha maji, nikayanywa mwenyewe yote kwa pupa mpaka yakanimwagikia kifuani. Siku ya nne nikaanza kutembea. Nashuka ngazi, nazunguka mtaa wa chini, napita ofisi ya maji, namsalimia mlinzi, napanda. Siku ya tano ilinyesha mvua kidogo, nikasimama dirishani nikaitukana.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, nikashindwa. Nikapiga magoti, nikakishika kimoja kwa ncha za vidole, nikakivuta polepole sana. Kikakataa. Nikavuta zaidi kidogo, jamani, si nimesema mimi nimeumbwaje, kikatoka. Chini yake, pale penye kovu, palikuwa na nyuzi mbili nyeupe, nyembamba kuliko unywele, na punje moja ya mchanga imeshikwa nazo haitaki kudondoka.

Nikampigia shemeji.

"Kina mizizi."

"Umejuaje? Umekivuta?"

"Kimechungulia chenyewe."

"Mwongo mkubwa! Kirudishe. Upesi. Kilaze, kikandamize, utoke hapo."

"Nimekirudisha."

"Umetoka?"

"Nimetoka."

"Nasikia unahema. Uko wapi?"

"Kwenye ngazi," nikasema. "Nashuka. Nitarudi jioni."